Nta Juu ya Gego la Mama

Karakana ya meno ilikuwa nyuma ya kliniki: ukipita chumba cha daktari na choo cha wagonjwa, mlango wa mwisho kushoto. Ndani mlikuwa na meza mbili, tanuri dogo la kuchomea kauri, na dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani uliopakwa chokaa. Jirani aliwahi kutaka kuupaka ukuta ule rangi ya kijani. Mwanamke aliyeketi chini ya dirisha hilo akavua aproni, akatoka, akaenda kumsihi aache mpango wake, kwa sababu mwanga ukigonga kijani kabla ya kuingia karakanani, meno yote yatakayotoka humo yataonekana kama ya maiti. Jirani akacheka mpaka akakaa chini, lakini chokaa yake akaiacha ilivyo.

Mwanamke huyo walimwita Jicho. Kwa miaka ishirini na miwili alitengeneza madaraja ya meno, yale ya kuziba pengo kwa kushikilia jino la huku na jino la kule. Rangi ya jino aliitafuta saa nne asubuhi, mgonjwa amesimama dirishani, meno yakiwa yamelowa mate kwa sababu jino kavu husema uongo. Akitazama mara mbili tatu, hugeuka akaangalia kitambaa cha buluu kilichotundikwa ukutani ili jicho lipumzike, kisha hurudi. Daktari mwenyewe alikiri kwamba akiliweka jino la Jicho kati ya meno ya Mungu, hajui lipi ni lipi.

Lakini fahari yake haikuwa rangi, ilikuwa swali. Kila mgonjwa wa daraja alipokuja, daktari, mzee mrefu aliyevaa miwani miwili kwa zamu, alikuwa akija kusimama mlangoni kwa Jicho na modeli za plasta, nakala za mdomo wa mgonjwa, mkononi, akiuliza: "Jicho, hapa tuweke nini?" Kuchagua kitu cha kutengenezea daraja si kuchagua kitambaa cha gauni. Jino la mbele linataka kupitisha mwanga kidogo, basi hapo kauri. Gego la nyuma halionwi na mtu, linataka nguvu, basi hapo chuma kitupu hakina aibu. Yupo ambaye ufizi wake hukasirika ukiguswa na chuma. Yupo mwenye meno mafupi kiasi kwamba maungio ya daraja hayapati unene. Na yupo mwenye kusaga meno akilala, huyo ukimvika kauri juu ya chuma atakurudishia vipande kwenye karatasi. Yote hayo Jicho aliyapima kwa kuzungusha modeli mbele ya dirisha, halafu akatoa hukumu, na daktari akasema "Haya," akaenda zake. Neno hilo "haya" lilimlisha kuliko mshahara.

Kisha akaja mdogo wake.

Wala hakuja kwa ubaya. Daktari ndiye aliyenunua mashine ya kuchonga meno, na mashine ilitaka mtu aliyeisomea, na mtu aliyeisomea akawa mtoto wa mama mmoja na Jicho. Kliniki nzima wakamwita Msomi. Alipewa ile meza ya pili. Yeye hakuchovya brashi wala kuyeyusha nta. Alichora daraja kwenye kompyuta, akaipa mashine sahani nyeupe ya zirkonia, kitu kigumu kama jiwe, na mashine ikatafuna upande hadi upande huku yeye akinywa chai. Daraja lilitoka kubwa kupita kiasi, kama kiatu cha baba mguuni mwa mtoto. Likiingia tanurini lilisinyaa likafikia kipimo chake, gumu, kitu kimoja, hakuna tabaka la kubanduka.

"Kipya kinyemi, ingawa kidonda," Jicho alimwambia dada wa mapokezi wiki ya kwanza.

Mwezi wa nane kinyemi kilikuwa bado kinyemi. Na daktari sasa alipofika mlangoni na modeli zake, macho yake yalipita juu ya kichwa cha Jicho yakatua meza ya pili. "Msomi, hapa unaonaje?" Msomi, kwa adabu zake za shule, hugeuka kwanza. "Dada, wewe unaonaje?" Hilo ndilo lililomchoma zaidi, kugawiwa swali lililokuwa lake kama anayegawiwa makombo kwenye sahani yake mwenyewe.

Tusimvishe Jicho kilemba cha ukoka. Alikuwa na wivu, wivu mtupu usio na nguo, na ulikuwa wa tangu zamani. Walipokuwa watoto, mama mdogo, ambaye hakujaliwa mtoto, alikuja akamchukua yule mdogo akiwa na miaka minne. Akamlea, akamsomesha mbali. Jicho akabaki na mama yao, na mashine ya kushonea, na sare moja ya shule ya kufua kila siku. Hadi leo alikaa na mama. Yeye ndiye aliyempeleka hospitali, aliyemkata kucha za miguu, na mgeni akifika nyumbani mama humwambia nini? "Nina mwanangu msomi, sijui kama nimewahi kukueleza." Mgeni ameshaelezwa mara sita. Jicho huwa anapita na sinia la vikombe, roho ikimuuma.

Basi ndipo mama akang'olewa gego la chini kushoto.

Daktari akampiga vipimo vya mdomo, juu na chini, akampa Jicho amimine plasta. "Mama yenu huyu," alisema. "Alhamisi nileteeni modeli, nyote wawili, tuamue."

Plasta ilipokauka, Jicho alizitoa modeli, akazisogeza dirishani, akaziangalia. Meno ya juu ya mama, manne yanayokaa mkabala wa pengo, yalikuwa yamelika yakawa bapa, na bapa zenyewe ziling'aa kama jiwe la kunolea kisu. Meno ya mzee huchakaa, hilo linajulikana, lakini hayachakai hivyo. Hivyo huchakaa meno ya mtu anayesaga.

Na nani alilijua hilo kumpita yeye? Kila siku baada ya chakula cha mchana mama huegemea kiti chake cha kamba, kichwa hulala upande, na taya huanza kazi: krr, krr, krr. Jicho alikua na sauti hiyo. Alifanya hesabu za darasa la tatu akiisikia. Mama mwenyewe hakuamini hata siku moja.

Ukweli basi ulikuwa mbele yake, mwepesi kama maji. Mama anasaga, kwa hiyo kauri haifai, kwa hiyo zirkonia, kwa hiyo Msomi. Mama atabeba mdomoni kazi ya Msomi mpaka aingie kaburini, na kila mgeni atafunguliwa mdomo aone. Jicho alikaa kitako na modeli ile mapajani kwa muda mrefu. Kisha akawasha taa ya spiriti, akapasha kijiti chake cha chuma, akachukua nta yenye rangi ya pembe, ambayo ukiitia vumbi la plasta haitofautishiki na plasta. Akadondosha tone juu ya gego la kwanza, akalichonga kilima na bonde kama alivyochonga maelfu. Akafanya la pili, la tatu, la nne.

Alhamisi daktari alibadili miwani, akazikutanisha modeli, akazifungua, akazifunga. Yeye hakuwa mtu wa kuamulia mdomoni. Alisema mdomoni kuna ulimi, mate na maneno, plasta ndiyo isiyombishia. Mama alikuwa kwenye kiti, mkoba mapajani.

"Mama, unasaga meno ukilala?" daktari aliuliza.

"Mimi? Nisage meno, mimi kinu cha unga?"

Daktari akacheka, akamgeukia Jicho. "Wewe unakaa naye. Anasaga?"

"Hapana," alisema Jicho.

Msomi alikuwa ameichukua modeli ya juu, akaizungusha. Akaizungusha tena. "Dada, hasagi kabisa? Maana meno ya mbele..."

"Nimesema hasagi. Nani anakaa naye, wewe au mimi?"

Msomi akairudisha modeli mezani taratibu. Mama akatazama dari. Daktari, ambaye hakupenda mambo ya ndugu, akasema: kama ni hivyo, pengo liko karibu na pembe ya mdomo, mama akicheka linaonekana, kauri juu ya chuma itapendeza zaidi. "Jicho, lako hili. Haya."

Haya! Miezi minane hajalisikia.

Daktari akayachonga meno mawili ya mama yatakayobeba daraja, akachukua kipimo kipya cha chini. Cha juu hakukuwa na haja ya kukirudia, meno ya juu hayakuguswa. Modeli ile ile ya kwanza ingetumika. Jicho alijua hivyo. Alijua pia kwamba nta lazima itoke kabla ya kazi kuanza, kwa sababu daraja hutengenezwa likutane na meno ya juu, na akilipimia juu ya vilima vya uongo litakuwa fupi. Jioni ile ile akashika kijiti akaanza kubandua. Gego la kwanza likasafika, la pili, la tatu.

Hapo mlango ukafunguliwa. Ni daktari, mkono mmoja juu ya fremu kama zamani, hana modeli wala haraka. Alikuja kuzungumza tu. Akasema anakumbuka daraja la yule mpiga tarumbeta, jinsi Jicho alivyolipunguza mara nne mpaka sauti ikarudi. Akasema mashine ni nzuri, lakini mashine haina macho. Jicho alikuwa amekwisha kuifunika modeli kwa kitambaa, anachekacheka, anajibu, anajisikia msichana. Daktari alikaa robo saa. Alipoondoka, Jicho alipanga vifaa vyake, akazima taa, akaenda nyumbani akiimba. Gego la nne lilibaki na kilima chake cha nta chini ya kitambaa.

Daraja lile alilitengeneza kwa siku tisa. Alimimina chuma, akakipaka tabaka la kuzuia weusi, akajenga kauri kwa brashi ya manyoya, tabaka juu ya tabaka, akichoma na kupoza. Shingoni aliweka rangi ya chai hafifu aliyoijua bila kumwita mama dirishani. Pembeni alichora ufa mwembamba kama unywele, kwa sababu jino la mzee lisilo na ufa halisadikiki. Msomi alipita nyuma yake siku ya saba akasimama. "Dada, hii mashine yangu haiwezi," alisema, na Jicho, badala ya kufurahi, alitafuta ndani ya maneno hayo mahali palipofichwa sindano. Hakupaona, akakasirika zaidi.

Siku ya kujaribisha, daraja liliingia kama lililozaliwa humo. Mama alipewa kioo cha mkono. Akatabasamu, akajifunga mdomo, akatabasamu tena kwa upande.

"Mwanangu," alisema, "hili litanizika."

Jicho aliona kliniki nzima ikiwa ndogo. Akamtazama mdogo wake ili ahakikishe amesikia.

Daktari akachomeka karatasi ya rangi kati ya meno. "Uma, mama. Tafuna." Kisha akaivuta, akachungulia. Meno yote yalikuwa na vidoa vya buluu isipokuwa lile gego la nyuma la daraja. Akarudia. Halikupata kidoa. "Jicho, hili haligusi. Limekaa chini. Unene wa kucha." Hakuwa na hasira, alikuwa anashangaa. "Miaka yote hujaniletea daraja fupi. Hebu tuone modeli ya juu."

Lile gego la nne! Jicho aliona kitambaa, mlango, mkono wa daktari kwenye fremu, yote kwa mara moja. Hakusogea.

"Nitaileta mimi," alisema Msomi, akatoka.

Alikawia. Si sana, muda wa mtu kutafuta kitu mezani pasipo kwake. Aliporudi alimkabidhi daktari modeli, na Jicho akaona kwamba gego la nne lilikuwa bapa, safi, limekwanguliwa. Chini ya ukucha wa kidole gumba cha mdogo wake mlikuwa na nta.

"Modeli sioni kosa," Msomi alimwambia daktari. "Labda plasta ilivimba ilipokuwa inakauka. Siku zile kulikuwa na unyevu."

"Huenda," daktari akasema, akiielekeza modeli kwenye taa bila ya kubadili miwani. "Si neno. Jicho, ongeza kauri kidogo juu, lirudishe tanurini, kesho tunalibandika."

Basi yalikuwa yamekwisha. Siri ilizikwa na aliyeizika hakuomba hata shukrani. Alichotakiwa kufanya Jicho ni kusema "Haya" na kulichukua daraja. Angeongeza kauri, mama angelivaa, na kwa miezi kadhaa angekuwa ndiye mtoto anayesimuliwa wageni. Kisha siku moja baada ya chakula cha mchana, krr, krr, na kipande cha kauri juu ya ulimi.

Wapo watakaosema huruma kwa mama ndiyo iliyomfungua mdomo. Ilikuwepo, ndiyo. Lakini kilichomsukuma kwanza kilikuwa kile kile kijiba cha roho yake. Alimtazama Msomi aliyesimama pale na nta ukuchani, mpole, amemsitiri dadake bila kuhesabu, na akawaza: shule amenishinda, mashine amenishinda, mbele ya wageni wa mama amenishinda. Na wema pia anishinde?

"Plasta haikuvimba," alisema Jicho. "Niliweka nta. Mama anasaga meno. Anasaga tangu nikiwa mtoto, na meno ya juu yameisha kwa kusaga. Nilizijaza zile bapa ili usizione, daktari, ili daraja niletewe mimi. Tatu nikazibandua, ya nne nikaisahau. Huyu ameibandua sasa hivi ili anifiche."

Mama aliushusha mkono wenye kioo.

"Nasaga meno?" aliuliza.

"Unasaga, mama."

"Na hukuniambia."

"Nimekwambia miaka thelathini, mama. Ukasema ni panya."

Daktari alilitoa daraja mdomoni mwa mama, akaliosha, akalifuta, akaliweka kwenye kiganja cha Jicho. Alibadili miwani, akaitazama modeli kwa mara ya kwanza kwa dhati, gego baada ya gego. "Zirkonia," alisema. "Msomi, wewe." Kwa Jicho hakusema lolote, na Jicho angelipa kitu kikubwa asikie tusi.

Daraja la Msomi lilibandikwa wiki mbili baadaye. Lilipotoka tanurini lilikuwa zuri la kutosha, jeupe kidogo shingoni. Msomi aliliacha mezani kwa Jicho kabla ya kulipeleka, pamoja na brashi na chupa za rangi, bila neno. Jicho alilitazama siku nzima akiapa kwamba hatalishika. Saa kumi akalishika, akatia chai hafifu shingoni na ule ufa wa unywele pembeni, kisha akalirudisha meza ya pili, naye bila neno. Mama anapowaonyesha wageni hudokoa jino kwa kidole: "Haya kanitengenezea mwanangu msomi." Rangi haitaji.

Daktari anaendelea kumletea kazi. Hata swali amelirudisha mara moja moja, "Jicho, hapa tuweke nini?" na yeye hujibu, na jibu lake huwa sahihi. Lakini kabla ya kusema "haya" daktari hupitisha ukucha juu ya meno ya plasta, moja moja, polepole, kama anayetafuta kitu. Hufanya hivyo akiwa anaongea mambo mengine, pengine hajui kwamba anafanya. Jicho kila mara hutazama kitambaa cha buluu mpaka amalize.

Jumapili moja Msomi alikuja nyumbani kula chakula cha mchana. Vyombo vilipoondolewa, mama alijiegemeza kiti chake cha kamba, kichwa kikalala upande. Jicho alikuwa anakunja vitambaa. Sauti ikaanza.

"Ndiyo hiyo?" Msomi aliuliza kwa kunong'ona.

"Ndiyo hiyo."

Jicho alitega sikio kwa ajili ya daraja. Ni aibu kulisema, lakini alikuwa akingoja mlio wa kitu kupasuka, na akijua kwamba anangoja. Hakuna kilichopasuka. Zirkonia ilisaga na kusagwa kama jiwe la kinu. Akainua macho ili aone kama mdogo wake anafurahia kazi ya mashine yake.

Msomi hakuwa akisikiliza daraja. Alikuwa ameinama mbele, viganja kati ya magoti, anamtazama mama anavyolala: mdomo ulivyopinda, kidole cha mguu kinachocheza, pumzi inayokatika na kurudi. Aliondoka nyumba hii akiwa na miaka minne. "Huwa anafanya hivi kila siku?" aliuliza. "Na wewe huwa umekaa hapo?"

"Kila siku. Hapa hapa."

Midomo ya Msomi ilikuwa imebanwa, na macho yake yalitoka kwa mama yakaenda kwenye kigoda cha Jicho, kilichochakaa upande mmoja kwa kukaliwa, yakabaki hapo. Jicho aliufahamu uso ule. Aliuvaa yeye miezi minane, na miaka kabla ya hapo, na hakujua kwamba kuna mtu mwingine mwenye wivu wa kwake.

Akaviweka vitambaa chini, akasogea, akaacha nafasi kwenye kigoda.

"Njoo ukae huku," alisema. "Hapo ulipo humsikii vizuri."